Chelel Hataki Mkono Mwingine

Mama Jepkosgei amekamua ng'ombe tangu akiwa mdogo wa kumezwa na gumboots za mamake, na huko kwao Olenguruone watu husema Chelel, yule ng'ombe wake mweupe, humjua kwa vidole.

Sasa mwaka huu, juu ya kifundo cha mkono wa kulia, kukatokea kadonge. Mwanzo kalikuwa kama njegere. Baadaye kama ndimu, kagumu-gumu, ukikasukuma kanateleza. Akipumzika kanapungua, akirudi kukamua kananenepa tena, utadhani kananyonya pamoja na ndama. Na akifinya titi, maumivu yanapanda, vidole vinaingia ganzi, ndoo inabaki nusu.

"Lete Biblia," bwanake Kipkirui akamwambia. "Babu yetu alikuwa na kadonge kama haka, kakagongwa na ile kubwa, kakapasuka."

"Na mkono wake?"

"Mkono... ulikuja kupona."

"Hiyo Biblia wewe soma tu."

Akaenda kliniki. Daktari akafunga pazia, akaweka tochi ya simu kando ya kadonge. Kakawaka kote kama taa.

"Unaona, mathe? Ndani ni maji mazito kama ute wa yai, yametoka kwa kiungo. Si kansa. Usikagonge. Naweza kuvuta na sindano, lakini mara nyingi hurudi. Kwanza tufunge mkono, upumzike wiki sita."

"Na ng'ombe?"

"Si mwingine atakamua?"

Mwingine ni Jebet, binti yake. Akapaka mafuta, akakaa. Chelel akasikia mkono mgeni, akapandisha maziwa yote juu, yasitoke. Kesho yake Jebet akavaa sweta ya mamake na kitambaa chake. Chelel akanusa, akapiga ndoo teke.

"Huyu ng'ombe ana madharau," Jebet akasema, akijipanguza.

Siku ya nne titi moja likawa gumu na moto. Jepkosgei akaligusa na mkono wa kushoto. Anajua maziwa yakilala ndani titi hufa, na Chelel ndiye ng'ombe wa pekee aliye naye.

Akaanza kufungua bandeji.

"Mum, daktari alisema wiki sita."

"Chelel ameambiwa?"

Akakaa, akaegemeza paji la uso kwa mbavu za ng'ombe. Hata kabla hajafinya, maziwa yakaanza kudondoka. Akafinya. Kadonge kakasimama, uso wake ukakunjamana. Jebet, akikosa la kufanya, akamshikilia kiwiko.