Shikamoo Haiozi

Leonardi alikuwa na mgongo mbovu, na mgongo mbovu kwa kuli wa Kurasini ni siri ya kufa nayo. Ukijulikana unaumwa, kesho gunia lako anabeba mwingine. Basi mchana anauma meno, jioni akirudi Temeke mkewe Bernadeta anamkanda kwa maji ya moto, naye anaguna kama mwanamke mwenye uchungu.

Mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, ghala likatafuta karani wa mlangoni. Kazi ya kukaa kitini: unakagua karatasi za mzigo, asiye nazo haingii. Kiswahili kilishapanda cheo nchi nzima, ila meli hazikuambiwa, na wenye mizigo walikuja na Kiingereza chao. Mtihani ukawa wa Kiingereza. Leonardi akaona ni hapo au arudi Masasi kulima, na jembe nalo linataka kuinama.

Akaingia kisomo cha watu wazima, alasiri, Buguruni, kwa mwalimu Eufrazia.

"Can, unaweza," mwalimu akasema. "May, una ruhusa. Must, ni lazima, huna pa kutokea. Na mlangoni, baba zangu, mtakula kwa must."

Leonardi akayashika yote. Tena akamfundisha Jabiri, kuli mwenzie aliyeomba kazi hiyohiyo, kitoto cha juzi ambacho kila siku kilikuwa kinayachanganya.

Nyumbani akawa hakaliki. Ugali haupiti, midomo inacheza peke yake. Mazoezi akamfanyia mkewe.

"You must bring water! You must sit down!"

"Kwangu inakutoka kama kikohozi," Bernadeta akasema, anapepea makaa. "Tutaiona mbele ya mwanamume mwenye viatu."

"Nitashindwaje, mama? Si nimeisoma?"

"Haya."

Siku ikafika. Mtahini alikuwa Mzee Adelard, Mhaya mwenye mvi, viatu vinang'aa. Leonardi adabu hakuisahau. Akainama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi ni mwenye mzigo. Sina karatasi, nataka kuingia. Nizuie kwa Kiingereza."

Mzee akaanza kuja. Must ilikuwepo, Leonardi aliihisi kabisa imekaa nyuma ya meno. Lakini mtu uliyemwamkia sasa hivi, utamwambiaje lazima? Kwao mkubwa haamrishwi. Mkubwa anaombwa, tena kwa kumtuma mtu. Jasho likamtiririka mpaka kwenye ule mgongo.

"You may stop, sir. Please."

Mzee anakuja.

"Sir... can you stop?"

"I can," Mzee akasema, akampita begani, akaingia ndani. Huko ndani akageuka. "Maneno unayajua, bwana. Lakini mzigo umeshapita."

Akaitwa Jabiri. Jabiri hakuamkia mtu. Akanyoosha mkono. "Stop! You must stop!" Mzee Adelard akasimama hapohapo. Alipoambiwa amepita mtihani, ndipo Jabiri alipoinama hadi magotini: "Shikamoo, mzee wangu, unisamehe sana."

Jioni Leonardi akamsimulia mkewe, huku anatikisa kichwa kwa utovu wa adabu wa vijana.

"Shikamoo haiozi," Bernadeta akamjibu. "Ungempa baadaye. Mwenzio si kampa?" Akamgeuza kifudifudi, akamkanda, na siku hiyo maji aliyaacha yawe ya moto zaidi kidogo kuliko kawaida.

Jumatatu Leonardi akafika mlangoni na gunia mgongoni. Kitini yuko Jabiri, na nyuma yake kasimama mkubwa wa ghala.

"Karatasi ya mzigo huu, kaka Leonardi?"

"Anayo dereva, yuko nyuma anakuja. Nipishe basi, mdogo wangu, nitue."

Jabiri akamtupia jicho mkubwa wake, halafu akatazama chini.

"You must wait," akasema.

Leonardi alielewa kila neno. Akasimama na gunia lake, akangoja.