Wiki Tuliyopaka Gari la Baba Rangi

Harufu ya thina, ile dawa ya kuzimulia rangi, haijawahi kunitoka puani. Nikipita karibu na gereji yoyote pale Voi, mahali ambapo mafundi wanapulizia magari rangi chini ya mabati, papo hapo ninakuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, nimeshika kipande cha msasa kilicholowa maji, vidole vimenikunjamana, na baba yuko upande wa pili wa gari akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ambayo Mungu hakumpa. Wengine harufu hiyo huwakera tu. Mimi hunitia huzuni, na nimekaa na huzuni hiyo muda mrefu kuliko inavyofaa mtu mwenye akili timamu.

Baba alikuwa karani katika shamba la mkonge, mtu wa kalamu na kola safi. Gari lake lilikuwa la Kifaransa, la zamani hata kwa siku zile, refu, lenye pua iliyoinama na viti vya ngozi vilivyopasuka na kutufinya mapaja. Alilinunua kwa meneja mmoja aliyestaafu kabla sijazaliwa. Jua la Voi lilikuwa limelipausha hadi hakuna aliyeweza kuapa lilikuwa rangi gani mwanzo, lakini lilitembea, na mlima wa kwenda Wundanyi lilipanda, mradi lisiharakishwe. Dada yangu Mkawasi alipochumbiwa na kijana wa Mwanda, baba alitangaza mezani kwamba atampeleka bintiye kanisani yeye mwenyewe, ndani ya gari lake mwenyewe, na kwamba siku hiyo gari litang'aa. Mama akamuuliza nani atakayeling'arisha. Baba akasema ni yeye. Mama akaangalia zile kola, akaangalia mikono iliyozoea kushika kalamu, akaendelea kumenya viazi.

Aliyemtia baba moyo ni rafiki yake Salim. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini, mtu wa familia ya asili ya Pwani, mpole, mwenye kofia nyeupe isiyopata doa hata siku ya kupakua saruji. Sisi watoto tulimwita Ami. Yeye na baba walikuwa marafiki tangu ujana wao, na urafiki wao ulikuwa wa kutaniana kutwa kucha. Siku ya Idd sinia la pilau lilifika kwetu kabla ya jua kuwa kali, na Krismasi mimi ndiye niliyepeleka kwao kapu la ndizi na viazi vitamu kutoka milimani. Ami Salim aliuza rangi na alikuwa na kompresa ndogo ya kupulizia rangi dukani, basi akasema ataileta nyumbani na kumfundisha baba kuitumia. Rangi baba angeilipia, ila kwa kazi yake Ami alitaka kitu kimoja tu, kukaa kiti cha mbele siku ya harusi. Baba akamwambia kiti hicho ni chake, ila akija na ile kofia avae na koti, asije akadhaniwa ni dereva.

Ilikuwa likizo ya Agosti, wakati upepo unapovuma kutoka upande wa Ndara na kuleta vumbi jekundu hadi ndani ya sufuria iliyofunikwa. Siku nne tulisugua gari kwa msasa, baba akitoka kazini tu anabadilisha shati na kuinama. Nilipenda siku hizo kuliko ninavyoweza kueleza. Baba, ambaye kwa kawaida alizungumza nami kuhusu ripoti ya shule na hakuna kingine, alikuwa akinionyesha kutu kana kwamba mimi ni fundi mwenzake. Tulifunika vioo kwa magazeti na kuyabandika kwa selotepu, tukawa tunasoma habari za zamani tukipumzika. Tulifanya makosa yote ambayo watu wasiojua hufanya. Tulisugua mlango mmoja hadi bati likang'aa na kusahau mwingine kabisa, na baba alipoinuka mgongo ulikataa kunyooka, mama akacheka hadi akashika ukuta.

Alhamisi jioni, upepo ulipotulia, Ami Salim alifika na kompresa na mkebe wa rangi ya maziwa. Aliufungua mkebe mbele yetu, akakoroga, akachuja kwa kipande cha kitambaa. Akampa baba maagizo. Tabaka la kwanza jepesi leo, la pili jepesi kesho, basi. Akaurudia huo wepesi mara tatu, maana alimjua mtu wake. Ijumaa, tabaka la pili lilipokwisha na Ami kwenda msikitini kwa sala ya magharibi, baba alisimama akalitazama gari, akaona mahali hapajakolea, akapuliza la tatu. Halikuwa jepesi. Kwenye mlango wa nyuma rangi ilitiririka kidogo, akaifuta kwa kidole na kunikonyeza. Kisha akaita nyumba nzima, akatuambia kwa sauti ya karani mkuu, "Hakuna mtu kugusa hii gari mpaka kesho jioni. Mmesikia?" Tulisikia. Mimi nilisikia vizuri kuliko wote.

Kesho yake watu wa Mwanda walikuwa wanateremka kuja kukamilisha mipango, maana harusi ilikuwa Jumamosi inayofuata. Baba alitoka alfajiri kwenda kuwapokea stendi. Mama na Mkawasi walikuwa jikoni. Na mimi nilikuwa na kazi yangu, ambayo hakuna aliyehitaji kunikumbusha. Kwetu msichana huamka na ufagio. Uwanja ambao haujafagiwa jua likichomoza ni aibu ya mama, na ukikutwa na wakwe hivyo, ni aibu ya ukoo. Unanyunyiza maji kwanza ili vumbi litulie, ndipo unafagia. Lakini wiki ile mifereji ilikuwa mikavu, tulikuwa tunanunua maji kwa mitungi, na mama alikuwa amehesabu mitungi ya kupikia wageni na ya kunawa. Nikafikiri kwa akili yangu ya kujisifia kwamba nitaokoa maji. Nilinyunyiza kibarazani tu. Uwanja wote uliobaki niliufagia mkavu, kwa nguvu, hadi karibu na magurudumu, na gari lenyewe sikuligusa hata kwa ukucha. Nakumbuka vumbi lilivyosimama hewani likipigwa na jua la asubuhi. Nililiona zuri.

Wageni walifika saa nne. Shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye kicheko, alisimama langoni akatazama ile mistari ya ufagio ardhini, akauliza ni mkono wa nani. Mama akanisukuma mbele. "Huyu amefunzwa," shangazi akasema. "Mkituletea dada yake mwenye mkono kama huu, hatuna neno." Sikuwa nimewahi kusifiwa hivyo mbele ya watu wengi, na nilijisikia mrefu. Baba naye, akiwa amejaa furaha, akawaelekeza wageni kwenye gari. Kwa mbali lilikuwa zuri kweli. Mjomba wa bwana harusi akalisogelea, akapitisha kiganja juu ya boneti, akakitazama kiganja chake. "Mwakio," akamwambia baba akicheka, "hii ni rangi ama ni msasa?"

Wote walicheka. Hakuwa na ubaya, ni utani wa wakwe. Lakini nilimwona baba akiweka mkono wake pale pale, na nikauona uso wake ukibadilika. Boneti yote, paa, milango ya upande wa uwanja, ilikuwa imeshika chembechembe nyekundu kama mandazi yaliyomwagiwa sukari, na zilikuwa zimekaukia humo. Nilielewa wakati huo huo. Si baadaye, si nilipokua. Niliangalia mistari yangu ya ufagio, nikaangalia gari, nikajua.

Baba hakujua, wala mama, aliyedhani nimenyunyiza maji kote. Alikuwa ameacha gari gizani alfajiri, na uwanja aliourudia ulikuwa safi kama siku zote, jambo ambalo mwanamume wa wakati ule halioni. Alifikiri hadi wageni walipoondoka, na alipomaliza kufikiri alikuwa amepata jibu. Rangi ilikuwa na uchafu. Ilikuwa ya zamani, imegandamana chini ya mkebe, na Salim alikuwa amemtolea kitu kilichomlalia dukani. Aliniambia nibebe mkebe twende.

Duka lilikuwa limejaa wateja. Baba aliuweka mkebe juu ya meza kwa kishindo. "Salim, hii kitu umeniuzia ni uchafu. Umeniaibisha mbele ya wakwe zangu." Ami Salim alishangaa, akatoka nyuma ya meza. "Mwakio, wallahi mkebe niliufungua mbele ya macho yako. Ingia ndani tuzungumze, si hapa mbele za watu." Baba akasema hana la kuzungumza na mtu anayeuzia rafiki takataka. Ami akasema kwa upole, "Basi lete gari. Tutalisugua sote, siku zingalipo. Mimi nitafunga duka." Baba alikuwa tayari ameshageuka. Mimi nilikuwa katikati yao, mikono inanuka thina, na neno lilikuwa mdomoni. Nilichoogopa ni kofi la baba, na zaidi ya kofi niliogopa kupoteza ile sifa ya shangazi, ambayo nilikuwa nayo kwa saa tano tu. Nikamfuata baba nyumbani.

Mkawasi alikwenda kanisani kwa pikapu ya jirani, imefungwa riboni. Alitabasamu siku nzima, na hajawahi kulalamika, lakini kwenye picha baba amesimama kando ya pikapu ile kama mtu anayesubiri kuitwa na polisi. Siku moja kabla ya harusi Ami Salim alikuwa ametuma zawadi, doti mbili za leso na sinia la shaba. Baba akasema zirudishwe, na akanituma mimi. Ami alizipokea mlangoni, akazitazama muda mrefu. Kisha akachutama ili macho yetu yawe sawa. "Mwanangu, niambie kweli. Babako ana nini nami?"

"Sijui, Ami," nikasema.

Hakuwa amenikaripia. Hakukuwa na kofi pale, wala mteja, wala baba. Kama kuna dakika moja ya maisha yangu ambayo ningeomba kuirudia, ni hiyo.

Sinia la pilau halikuja tena, wala kapu letu halikwenda. Wakikutana njiani, mmoja alivuka upande wa pili. Gari lilikaa chini ya mgunga na chembe zake hadi baba akaliuza kwa watu wa vyuma chakavu, na hakushika tena msasa, wala hakunionyesha tena kitu chochote kana kwamba mimi ni mwenzake. Nilipokuwa sekondari familia ya Ami ilihamia Mombasa. Nikakua, nikaajiriwa, nikaolewa, na kila mwaka nilijiambia nitasema.

Mwaka jana mtoto wa Ami Salim alinipigia simu kuniarifu kwamba baba yake amefariki na wameshamzika. Nilikwenda kwa baba jioni hiyo. Siku hizi anakaa kibarazani na fimbo yake, uwanja umetandikwa matofali ya kabro na haufagiwi tena kwa vijiti, na wajukuu wake wanaoshea magari yao pale kwa mpira wa maji bila kuhesabu mitungi. Nilimpa habari ya msiba, kisha nikamwambia yote: maji niliyoyabana, vumbi, mkebe, na lile jibu langu mlangoni kwa Ami. Nilisema haraka, kama mtoto. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hapana," akasema. "Ilikuwa rangi."

Nikamwambia, "Baba, ni mimi."

Aliniangalia kwa macho yale yenye ukungu. "Wakesho, ikiwa ni vumbi, basi nilimtukana Salim bure mbele ya watu, na sasa amekufa. Mimi ni mzee, mama. Uniachie hiyo rangi."

Kama ningesema nikiwa na miaka kumi na mmoja, ningepigwa kofi moja, pengine mawili, na Jumapili yake wanaume wawili wangekuwa wameinama kwenye gari wakisugua na kutaniana. Nilijua hilo hata wakati ule. Sasa nina umri wa kutosha kusema chochote kwa yeyote, na hakuna wa kunipiga. Nilimwekea baba chai karibu na mkono, nikakaa chini kando yake, nikamwambia ndiyo, baba, ilikuwa rangi.