Ukurasa wa Kwanza Uliomuua Mzee Magesa

Nilikuwa mpiga chapa katika kiwanda kipya cha minofu ya sangara, Nyakato, na kwa siri naandika riwaya. Nilitaka imshike msomaji tangu mstari wa kwanza, nikaianza kwa tangazo la msiba: mazishi yangesubiri mtu mmoja kutoka Busisi. Marehemu nikampa jina la mtunza stoo wetu, Mzee Magesa, aliyekuwa likizo. Ukurasa nikausahau kwenye mashine ya chapa ofisini.

Asubuhi nilikuta watu wanalia. "Magesa ametutoka," tarishi akaniambia. "Tangazo nimelibandika ubaoni."

Sikwenda hata kulisoma. Nililia kuliko wote, nikashikwa mikono kupandishwa lori la kiwanda, hadi nyumbani kwake Igoma.

Mlango alitufungulia Mzee Magesa mwenyewe, mswaki mdomoni. Akina mama wakakatisha vilio. Hata shikamoo sikuikumbuka. Tarishi akampa lile tangazo alilolibandua ubaoni. Nilipoiona karatasi, nikautambua ukurasa wangu wa kwanza.

Mzee aliisoma taratibu, akaigeuza. Nyuma hapakuwa na kitu.

"Huyu mtu wa Busisi ni nani?"

"Bado sijaamua, mzee," nikajibu.

Msiba mzima ukanigeukia.