Misimu Miwili ya Majani Matupu

Huko Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, watu hulima maharagwe na mahindi, na maji huchotwa kwa foleni. Marthe hulima maharagwe kama wenzake, lakini nyuma ya nyumba ana tuta la maua, na maua hayo hunywa maji ya foleni hiyohiyo.

Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Kivu Kusini huko Kongo, mrefu, asiyependa kuharakishwa. Maua yake ni glayeli: majani yamechongoka kama panga, na shina moja lililonyooka hufunguka ua kwa ua, kutoka chini kwenda juu. Glayeli haipandwi kwa mbegu. Hupandwa kwa tunguu, mfano wa kiazi bapa chenye maganda makavu. Kila msimu tunguu la zamani hunyauka na jipya hukua juu yake, na pembeni huota mengine madogo kama punje za mahindi. Marthe huyaita batoto, yaani watoto.

Matunguu ya kwanza aliyapata Rugaaga, jirani na makazi, kwa bibi mmoja ambaye Marthe alikuwa akimlimia bustani. Yalikuwa ya rangi moja tu, nyekundu iliyokolea hadi karibu na nyeusi. Bibi huyo alifariki, bustani yake ikapandwa ndizi, na tangu hapo glayeli hizo hazikuonekana kwingine. Hamdu, mpambaji wa kumbi za harusi mjini Mbarara, amezitafuta wilaya yote ya Isingiro asizipate. Maua yanayoletwa kwa maboksi kutoka mbali hayamridhishi.

"Ile maua ya boksi inafika imechoka," husema, akimwita Marthe nyabo, yaani bibi. "Ya Nyabo Marthe inasimama kama askari wa kambi ya Makenke."

Marthe akisimuliwa maneno hayo hatabasamu. Huuliza tu kama Hamdu alibadilisha maji kwenye ndoo asubuhi na jioni, kama alivyomwagiza.

Mvua zikianza Machi, hupanda. Jani likichomoza, hulimwagia maji kwenye shina, alfajiri, bila kulowesha jani. Maji aliyooshea maharagwe huenda huko. Ya sabuni hapana. Shina likianza kuvimba huongeza, kwa kuwa huo ndio wakati wa kiu. Maua yakishakatwa, Juni, huendelea kidogo, maana majani bado yanalisha tunguu. Kisha, Julai, majani yanapogeuka manjano, huacha kabisa. Tuta hukauka hadi kupasuka. Ndipo huchimba, huanika, na kuyaweka matunguu juani hadi maganda yalie kama karatasi.

Julai ya mwaka juzi, wakati wa kuacha ulipofika, Marthe hakuwepo. Binti yake, Chantal, alikuwa amejifungua kwa upasuaji mjini Mbarara, na mama mtu alikwenda kumuuguza. Mumewe, Anselme, alibaki na mahindi yake.

Wanawake wa kanisa lao huko Juru wana desturi: mmoja wao akishikwa na ugonjwa au msiba, wengine hufanya salongo, kazi ya pamoja, shambani kwake. Kiongozi wao, Cansilde, alipita nyuma ya nyumba ya Marthe, akaona majani ya njano na udongo uliopasuka.

"Mwenzetu iko anauguza, na maua yake inakufa sisi tukiangalia," aliwaambia wenzake. "Kila mutu alete bidoni."

Walileta. Ilikuwa kiangazi, bomba lilitoa maji kidogo, na kila dumu lililomwagwa pale lilikuwa limetolewa jikoni kwa mtu. Walimwagilia kila jioni, wakiimba, mpaka Marthe aliporudi. Anselme, ambaye hakuwahi kuyajali maua, aliwaona na kudhani ndivyo inavyotakiwa.

Marthe alifika akakuta tuta limekuwa tope. Aliingiza kidole kwenye udongo, akakitoa, akakinusa. Kisha aliingia ndani, akapika uji, akawaita wanawake wote waje wanywe.

"Asante mingi," aliwaambia. "Mumenitunzia nyumba."

"Tungechelewa kidogo tu, ungekuta zimekufa," Cansilde alisema, akinyoosha kikombe aongezewe.

Walipoondoka alichimba. Matunguu makubwa yalipasuka mkononi, laini, yenye harufu ya samaki. Alikata sehemu mbovu, akapaka majivu, akayapanga kwenye uchaga juu ya moto. Hata hayo yalioza. Kilichobaki kilikuwa batoto, ambao ganda lao ni gumu. Aliwapepeta kwenye ungo kama mchele, akatupa waliolegea. Waliosalia walijaa kikombe.

"Waambie," Anselme alisema. "Baache kujisifu kanisani kwamba baliokoa maua."

"Nibaambie nini? Kwamba maji balinyima batoto babo nyumbani ndiyo iliozesha?"

"Basi na mwaka kesho batakuja tena na bidoni."

Marthe alikifunika kikombe kwa kitambaa.

Mtoto wa glayeli hatoi ua msimu wa kwanza, na mara nyingi hata wa pili. Hutoa jani tu, na kwa jani hilo hujenga tunguu. Marthe alipanda kwenye mvua za pili za mwaka, Septemba, kwa mkono, mmoja mmoja, na tuta likaota vijani vyembamba kama nyasi. Januari alichimba, kila tunguu lilikuwa limefikia ukubwa wa kunde. Akayapumzisha, akayarudisha ardhini Machi. Yakaota nyasi tena, pana kidogo.

Msimu huo wote alimwagilia kama ilivyo kawaida yake, na Juru wakapata la kusema. "Mama Chantal, hii nyasi iko ya sungura ao ya mbuzi?" waliuliza kwenye foleni ya maji. Anselme naye alidai kwamba akizeeka atafuga ng'ombe, kwa kuwa malisho yapo tayari na mpishi wake yupo. Kutoka Mbarara Hamdu alipiga simu kuulizia maua, akaambiwa hapana. Akapiga tena, akaambiwa hapana.

"Si upande yoyote, nyabo? Nyekundu ni nyekundu," Hamdu alisema.

"Nyekundu si nyekundu," Marthe alijibu, akakata simu.

Julai ya mwaka jana majani yalianza kugeuka. Marthe aliacha maji. Siku chache baadaye alimwona Cansilde amesimama kando ya tuta, mikono kiunoni, akitikisa kichwa. Batoto wale walikuwa kizazi cha mwisho cha glayeli ya Rugaaga. Wakilowa tena, basi.

Jumapili, baada ya ibada, Marthe alisimama mbele ya wanawake kabla Cansilde hajafungua mdomo.

"Naomba salongo," alisema. "Si ya maji. Ya kuchimba. Njoo na majembe madogo, bidoni muache nyumbani."

Walishangaa, maana Marthe hakuwahi kuomba kitu. Walikuja wote. Aliwaonyesha namna ya kuingiza jembe mbali na shina na kuinua taratibu, na udongo mkavu ukadondoka wenyewe. Matunguu yalitoka magumu, safi, yamenenepa kama karanga za maganda na mengine zaidi. Cansilde alilishika moja, akalibonyeza, akaligonga kwa ukucha.

"Mwaka ule," alisema, "ulichimba ukakuta namna hii?"

"Hapana."

"Ulikuta namna gani?"

"Maji."

Wanawake waliacha kuchimba. Cansilde aliwatazama, kisha akamtazama Marthe.

"Na ukatupikia uji," alisema.

"Mulikuwa mumechoka."

"Mimi nilitoa ushuhuda kanisani, Marthe. Mara mbili."

Mmoja alianza kucheka, akajaribu kuzuia, akashindwa. Mwishowe hata Cansilde alicheka, amefunika uso kwa kitenge. Kabla ya kwenda alichagua batoto wadogo kabisa, akauliza kama anaweza kupewa. Marthe alimpa kwa sharti: asiwanyweshe maji bila kuuliza.

Septemba matunguu yalirudi ardhini. Desemba mashina yaliinuka, na Marthe aliyakata yangali vitumba, ua la chini tu likionyesha rangi. Aliyafunga kwa majani ya mgomba, akayabeba wima, Cansilde akibeba fungu la pili, hadi ukumbi wa harusi Mbarara. Hamdu alifungua fungu moja, akaita wasaidizi wake wote waje waone, kisha akayapanga mwenyewe, pande mbili za kiti cha bibi harusi, bila kuchanganya na ua lingine lolote.

"Nyabo, Februari nina harusi kubwa kuliko hii," alisema. "Wewe mwagia tu maji, usiache. Nitakuja na gari mimi mwenyewe."

"Februari zinalala," Marthe alisema.

"Hata kidogo tu?"

"Hata moja."

Hamdu alimgeukia Cansilde amsaidie kubembeleza. Cansilde alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, miguu ameinyoosha, akiangalia maua.

"Usiniangalie mimi," alimwambia. "Umesikia mwenyewe. Njoo Juni."