Alama ya Kutoa

Profesa wa hisabati tumizi hufuta ubao kwa kiganja, kisha hukipangusa kiganja kwenye suruali, na kipindi kikifika katikati huwa ameshageuka mweupe mpaka magotini. Sauti hapandishi. Mwanafunzi akisahau alama moja ya kutoa, yeye hugonga hapohapo kwa kipande cha chaki na kusema kwa upole wa daktari, "Daraja limeanguka, na watu wamo." Siku moja alama ilimponyoka mwenyewe. Aliyegundua ni binti mmoja, mwanafunzi wake wa uzamili, ambaye tasnifu yake ilikuwa imenyimwa saini mara tatu kwa makosa ya namna hiyohiyo, na mahafali yanabisha hodi. Binti akajipa moyo, akanyoosha mkono.

"Samahani, Profesa, hapo si hasi?"

"Watu wamo, Prof!" mtu akachokoza kutoka nyuma, na darasa likaangua kicheko.

Profesa aliutazama ubao, akaichora alama, akajipangusa. Kipindi kilipokwisha alimwita binti mezani na kumsogezea tasnifu yake. Binti akafunua upesi ukurasa wa saini. Ulikuwa mtupu.

"Kumbe macho unayo," alisema profesa. "Haya, nenda kaisome na ya kwako."