Kamba ya Kuogelea na Turubai la Mahindi

Walisema sitaweza. Walisema kwa upole, kama watu wanaozungumza na mgonjwa. "Kitale hakuna bahari," shangazi yangu wa Naitiri alinijulisha, nisije nikashangaa. Mjomba wangu wa Tongaren alikuwa na swali moja tu: "Sasa utafundisha nani kuogelea, mpwa? Mahindi?" Mzee wa kanisa letu alipiga magoti. Aliniombea.

Nilikuwa nimerudi kutoka Uarabuni, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa na diploma ya ukufunzi wa kuogelea. Diploma, si karatasi ya kuhudhuria semina. Niliipata nikisafisha bwawa la hoteli mchana na kusoma jioni. Lakini diploma haikodi bwawa, na hao hao watatu ndio walionikopesha pesa za vifaa na za kukodi bwawa la hoteli moja ya Kitale kila Jumamosi. Sharti alilitunga shangazi: wangekuja siku moja kuona darasa kwa macho yao, na wasiporidhika, nirudishe kila kitu hapo hapo. Yaani nifunge darasa, nikapalilie kwa mjomba. Alikuwa ameshanichagulia jembe.

Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima wenye akili, mpaka uwape vifaa. Nilileta vibao vya mikononi, vile vya plastiki vinavyovaliwa kiganjani ili mkono usukume maji mengi zaidi, vidogo kwa vikubwa. Kila mmoja alinyakua vikubwa. Nani huku kwetu amewahi kununua jembe dogo? Nilieleza kwamba kibao kikubwa kwenye bega lisilozoea ni njia fupi ya kufika hospitalini. Waliitikia kwa vichwa. Jumatatu, mwanafunzi wangu mwenye duka la dawa za mifugo hakuweza kufikia rafu ya juu, akawa anaitazama dawa ya ng'ombe kwa tamaa. Tangu hapo vikubwa vilikaa ndani ya begi langu. Mapezi ya miguuni nayo, yale marefu ya mpira kama mkia wa samaki, waliyavaa mbali na maji, wakatembea juu ya vigae vilivyolowa kama watu waliotumwa kuvunja shingo.

Kifaa nilichokiheshimu kuliko vyote kilikuwa kamba ya mpira. Mwogeleaji hufungwa mkanda kiunoni, kamba ikashikizwa kwenye mkanda kwa ndoano na kufungwa kwenye nguzo, naye akaogelea akiivuta. Inajenga nguvu ajabu. Ikikatika, inarudi kama kiboko na haichagui jicho la nani. Kwa hiyo kila mara, kabla ya mtu kuingia majini, niliivuta nchi kavu na kuikagua kipande kwa kipande.

Siku ya kukaguliwa ikafika. Wakopeshaji wangu watatu waliketi kando ya bwawa, kila mmoja na chai ya hoteli, kwa gharama yangu. Mwanafunzi wangu mmoja, mama aliyekuwa karani wa benki, alikuwa amemwalika rafiki yake, meneja wa hoteli ya Bungoma. Karani alisimama ukingoni, mkanda kiunoni, tayari kuwaonyesha kamba inavyofanya kazi. Nikaishika. Ilinuka dizeli, na karibu na ndoano mpira ulikuwa umechanika.

"Kamba haitumiki leo," nikasema.

"Haitumiki aje?" Mjomba akasimama. "Si iko mzima? Jana imeshika turubai ya mahindi kwa lori mpaka Bungoma, bana!"

Kumbe aliichukua nikiwa sipo. Pesa zake zilikuwa ndani ya kamba, kwa hiyo kamba ilikuwa yake.

"Ndiyo sababu, Mjomba."

"Ati sababu! Tumetoka mbali kuona watu wakiogelea, na wewe unaangalia mpira. Funga huyo mama aingie!"

"Kama hakuna kamba hakuna darasa," shangazi akasema. "Nipewe changu."

Ningeweza kumfunga karani na kuomba Mungu. Lakini kazi hiyo alikuwa nayo mzee wa kanisa. Nikaifunga kamba kwenye nguzo iliyokuwa karibu na viti vyao, nikawaambia wote wasogee.

"Nisogee, kwani mimi ni mbuzi?" mjomba akauliza. Shangazi akamvuta kwa koti.

Nikajikinga uso kwa kibao cha kushikilia, kile kipana cha povu kinachomsaidia anayejifunza kuelea, nikarudi nyuma nikivuta. Kamba ilikatika pale pale kwenye ndoano, ikaruka hadi kwenye nguzo, ikapasua kikombe juu ya kiti alichokuwa ameketi mjomba.

Karani akashika jicho lake, lililokuwa salama. Shangazi akamgeukia mjomba. "Bwana yake ungemwambia nini?"

"Chai ilikuwa bado moto," mjomba akasema.

Tulimaliza darasa kwa vibao vya kushikilia, na hakuna aliyedai chake. Meneja alinisubiri nje. "Bwawa letu linakaa bure, mwalimu. Tunaogopa mtu ataumia. Jumapili mchana utaweza?"

Nikamwambia diploma yangu haipumziki Jumapili.

Bungoma ndiyo iliyowalipa wakopeshaji wangu. Niliwakusanya wote nyumbani kwa shangazi, nikamrudishia kila mmoja chake. Mzee wa kanisa alisema maombi yake yamejibiwa, na mimi ni nani nimnyang'anye diploma yake ya maombi. Mjomba nilimwongezea kamba mpya ya nailoni, ya turubai.

Aliivuta kwanza, kipande kwa kipande, ndipo akashukuru.