Salamu kwa Nyar Asembo

Hamjambo, wapendwa. Niwieni radhi kwa kuwachosha na habari za kale, na naomba ukurasa huu unisitiri jina. Mimi ni mwalimu mstaafu, mgane wa miaka themanini na tatu, ninaishi peke yangu upande wa Mamboleo, Kisumu.

Miaka ya sitini nilikuwa nikitunga maneno ya nyimbo, na rafiki yangu akiyatia gitaa na sauti. Nilisoma misheni, kwa hiyo beti zangu zilikuwa ndefu kama tenzi za kanisani, naye alizivumilia. Jina lake lilipoanza kuvuma, alinieleza kwa upole kwamba watu sasa wanataka kucheza, si kusikiliza mahubiri. Tukaachana bila ugomvi. Nadhani ugomvi ungalinisaidia.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini alitoa santuri yake ya kwanza bila mimi. Haukuwa muziki wetu wa zamani, wala haukuwa bado ule mtindo uliompa sifa baadaye. Pale ambapo pangekuwa na ubeti wangu alijaza majina ya watu, maana ni desturi ya wanamuziki wetu kuwasalimu rafiki zao ndani ya wimbo. Alimtaja dereva wake, fundi wake wa nguo, hata akina mama wauza samaki wa Luanda Kotieno. Mimi hakunitaja. Ila katika wimbo wa mwisho gitaa lilishuka, naye akasema polepole kwamba anamsalimu Nyar Asembo, yaani binti wa kutoka Asembo. Ndivyo alivyomwita mke wangu kila alipokuja kula kwetu.

Mjini walinicheka. Jirani mmoja alinisimamisha sokoni akaniambia, “Bwana mwalimu, naona salamu zilipita sebuleni zikaenda moja kwa moja jikoni.”

Nilipomweleza mke wangu, alikuwa akipara samaki. “Baba Atieno, huyo anakusalimu wewe,” akasema. “Ataanzaje kutaja jina lako baada ya kukuacha?”

Nilimjibu kwamba mimi siitwi Nyar Asembo. Alicheka, na hakulizungumzia tena. Lakini kila redio ilipoupiga wimbo huo, aliacha kazi yake mpaka uishe, nami nilitoka nje.

Alifariki mwaka jana. Jumamosi hii watoto wanafanya ibada ya kumkumbuka, na wamemwalika rafiki yangu aupige wimbo huo kando ya kaburi. Amekubali. Nikikataa, wataniuliza sababu, na sitaki jibu langu liguse heshima ya mama yao. Nikikubali, nitaketi mbele ya waumini wote nisijue nitazame wapi.

Naweza kumuuliza kabla hajapiga. Akisema alikuwa akimsalimu mke wangu, nitakuwa nimemzika mara ya pili. Akisema ni mimi, basi nimesalimiwa nikakaa zaidi ya miaka hamsini bila kuitikia, na aliyeniambia niitikie hayupo tena.

Samahanini, wanangu, kwa mzee kuwauliza jambo kama hili. Nimuulize, au ninyamaze apige tu? Nishaurini kabla ya Jumamosi.